Kiganja cha Marzuq

Fundi Tawwab hapendi kelele, na Mungu akampa kazi ya kelele. Mashine yake ikianza kuzunguka asubuhi, glasi zangu za chai hugongana mezani na mimi humtukana kidogo, kwa mazoea tu. Kibanda changu kinatazamana na mlango wa karakana yake hapa mtaa wa mafundi, Port Said. Kama kuna aliyemjua Tawwab kuliko mimi basi ni marehemu mkewe, na huyo haongei tena, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kazi yake ni rimu za alumini. Hewa ya mji huu ina chumvi, na gari likilala usiku karibu na bahari, rimu hazikawii kuota ukurutu mweupe. Vanishi inabanduka, vumbi la breki linagandia humo, na baada ya miaka michache rimu iliyokuwa ikitamba hufanana na sufuria iliyosahauliwa uani. Hapo ndipo watu humkumbuka Tawwab. Huziosha kwa sabuni kwanza, akazipaka dawa ya kubandua vanishi kuukuu, akazisugua kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa laini na maji, halafu mashine yenye gurudumu la kitambaa na nta ya kung'arishia. Alumini ikipigwa polishi hutoa masizi meusi, mafuta matupu, yanayokaa kwenye kucha mpaka Idi. Yeye huyaondoa kwa unga wa ngano. Huunyunyiza juu ya rimu akaupangusa, na Bakhit wa matairi, jirani yake, haachi kupiga kelele kila aonapo: "Fundi, ukimaliza kuwapaka unga hao samaki, usisahau ndimu!"

Mwisho kabisa hukausha kidole gumba kwenye suruali, akakikandamiza juu ya rimu na kukivuta. Kikilia, kazi imekwisha. Kisipolia, anarudi kwenye msasa, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni ananung'unika. Nimeona watu wakimbembeleza: "Inatosha, Fundi, inang'aa." Yeye hujibu, "Haijalia," na hapo mazungumzo yameisha. Ni mkaidi. Nampenda kwa hilo na linanichosha.

Sasa, macho. Sikumbuki lilianza lini. Kwanza alikuwa akizilaumu taa, ati za siku hizi hazina nguvu. Halafu akaanza kuinamisha uso juu ya rimu kama mtu anayenusa mchuzi. Halafu nikaona kwamba nikiweka glasi mezani bila kusema, anaipapasa. Nikawa namtia chai mkononi, namsemesha kwanza ili ajue niliposimama, na nikajitia hamnazo. Kumuuliza sikuthubutu. Mtu aliyejulikana mji mzima kwa kung'arisha, utamwambiaje kwamba hauoni mng'ao wake? Nilidhani ni mimi peke yangu niliyetambua, na siri ile ilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Wiki ya harusi ya binti yake alikuja Bi Insaf. Aliliendesha mwenyewe gari la marehemu mumewe, la Kijerumani, la zamani, rangi ya maziwa, na yule mama huendesha kama anayegombana na barabara. Bakhit akazitoa rimu, akavua matairi, akazilaza mlangoni pa Tawwab. Zilikuwa rimu za kizamani, pana na bapa kama sinia.

"Fundi," Bi Insaf akasema, mikono kiunoni, "Alhamisi namwoza Raghda. Hizi nazitaka zing'are mpaka mama wa bwana harusi ahesabu chunusi zake humo."

"Inshallah, mama. Utafurahi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyote mnasema utafurahi. Aliyenishonea mapazia alisema utafurahi, na sasa jirani zangu wananiona mpaka jikoni."

Tulicheka. Hata Raghda, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake na simu mkononi, alicheka. Kisha Bi Insaf akashusha sauti, na mimi nikaacha kusuuza glasi ili nisikie vizuri.

"Kuna jambo. Marzuq alipolinunua hili gari alichinja kondoo, kama ilivyo desturi. Watu wengine huchovya mkono kwenye damu wakapiga boneti. Yeye alipiga rimu. Alisema boneti itapakwa rangi siku moja, rimu haipakwi. Mpaka leo kiganja chake kipo, kimebaki hudhurungi, vidole vyote vinaonekana. Nilikuwa nikimwambia huo ni uchafu, nikisugue. Sasa amekufa, na nashukuru sikusugua."

"Mungu amrehemu," Tawwab akasema.

"Raghda hana baba wa kumsindikiza. Ami zake wapo, lakini ami ni ami. Nataka mkono wa baba yake uende naye mpaka kwa mumewe. Basi ng'arisha kila mahali, ila hapo usiguse hata kwa pumzi. Ni kwenye rimu hii. Unakiona?"

"Nakiona, mama. Nimekiweka kichwani."

Wakaondoka. Mimi kutoka kibandani nilikuwa nimeona rimu zimelala tu, sikuona kiganja wala kidole, maana mlango wake una kivuli na mimi nilikuwa na jua usoni. Nikampelekea chai.

"Fundi, umekiona kweli?"

"Nini?"

"Kiganja. Nije tukitazame wote? Mimi nataka tu kukiona, sijawahi kuona kitu kama hicho."

Alijua vizuri nilichokuwa nikisema. Uso wake ukajifunga. "Mama Wagdi, mimi nimekuja kwako lini kukuonyesha sukari iko wapi? Nenda kachemshe chai yako."

Nikaenda. Nilikasirika, sitaficha, na siku nzima nilimpa chai yenye majani yaliyochoka.

Kesho yake aliniita mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti juu ya rimu, mikono imetulia, na uso wake umelegea kwa furaha kama mtoto aliyepata alichokipoteza. Juu ya rimu ile alikuwa amebandika utepe wa karatasi, tabaka juu ya tabaka, kipande cha ukubwa wa mkono wa mwanamume.

"Njoo, usinune. Hiki hapa chini yake. Nimekipitia chote kwa vidole kabla ya kukifunika. Damu ni kitu kizito, unajua? Imeila alumini. Unaisikia kabisa ikikwaruza, hapa kitako cha mkono, hapa vidole vinaanza. Bwana yule alikuwa na mkono mkubwa."

Mimi niliona utepe tu. Lakini alivyokuwa akikipapasa, kwa adabu, kwa ncha za vidole, moyo wangu ulitulia. Nikamwambia Mungu ambariki. Jioni nikampa chai ya majani mapya na mnanaa mwingi, na nilijiona mjinga kwa kumshuku.

Alizifanyia kazi zile rimu kuliko nilivyopata kumwona. Alikataa kazi nyingine. Bakhit alipomletea rimu za gari la teksi alimwambia, "Weka kando, nina bibi harusi." Msasa ukawa unasikika mchana kutwa, shwii, shwii, na maji yakitiririka kijivu mpaka mtaroni. Alipozipaka unga Bakhit aliita ndimu kama kawaida, na Tawwab akamjibu, "Ndimu utaleta wewe, ukialikwa." Halafu kidole gumba. Rimu zote zililia. Ile yenye utepe ililia kuzunguka utepe wote, ukingo kwa ukingo.

Alhamisi Bakhit akazivika matairi na kuzifunga kwenye gari, kila moja mahali pake. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na kila mmoja akisema mashallah kwa sauti, asije akaambiwa yeye ndiye mwenye kijicho. Kwa kweli zilikuwa zinaumiza macho. Niliona kibanda changu humo, kimepinda, na mimi mwenyewe ndani yake nimekuwa mnene kuliko haki yangu.

Bi Insaf alikuja na Raghda, ambaye alikuwa amevingirisha nywele kwa vibano, amejifunga shela la kichwa juu yake, hina mbichi bado mikononi. Walikuwa na haraka. Bi Insaf akalizunguka gari, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, leo umeniziba mdomo." Kwa yule mama, hiyo ni tuzo.

"Bado," Tawwab akasema. "Hiki nilitaka nikifunue mbele yenu."

Akaipapasa rimu ya nyuma, akachuchumaa, akaanza kubandua utepe taratibu, kipande kwa kipande, huku akitabasamu. Sote tukasogea. Akapangusa kwa kitambaa, akainua uso.

Chini ya utepe kulikuwa na chumvi.

Sijui niseme vipi tena. Kulikuwa na kipande cha alumini iliyoliwa na chumvi, kijivu, chenye vishimo na ukurutu mweupe, ukubwa wa mkono. Upande ule ndio uliokuwa ukitazama bahari miaka yote gari lilipolala. Hakikuwa na kidole, hakikuwa na rangi ya damu. Bi Insaf akageuka kuitazama rimu ya mbele, na mimi nikageuka naye. Rimu ya mbele ilikuwa imeng'aa yote, safi, kama imetoka dukani. Hapo ndipo kiganja kilipokuwa. Baadaye niliambiwa kwamba Marzuq, damu ilipokauka, aliipulizia vanishi juu ili isifutike, na vanishi ile ilikuwa laini kama kioo. Vidole havikuwa na cha kushika.

Raghda alifungua mdomo. Mama yake akamkamata kifundo cha mkono, hina na yote.

Kimya kilikuwa kirefu. Nilimwona Bi Insaf akimtazama Tawwab. Mama yule alikuwa amesogea kutoka pale alipokuwa, hatua kidogo tu, kwenda kutazama rimu ya mbele, lakini Tawwab alikuwa bado anatabasamu kuelekea mahali alipokuwa amesimama mwanzo. Alikuwa akipatabasamia pale patupu. Macho yake yalikuwa na ule weupe wa maziwa yaliyomwagwa majini, nao Bi Insaf aliuona. Nikaona anavyouona. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya wote.

"Ndicho," Bi Insaf akasema. "Ndicho chenyewe, Fundi. Umekitunza. Mungu akutunzie mikono yako."

Raghda akamtazama mama yake. Machozi yalikuwa yameshaanza. Kisha akachuchumaa karibu na Tawwab, akaweka mkono wake wenye hina juu ya ile chumvi, akasema, "Baba." Neno lile moja tu. Mimi nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote kwa sababu sikujua nifanye nini, na wanawake wengine wakadakia, na Bakhit akapiga honi ya gari lisilo lake. Jioni msafara ukapita barabara ya kando ya mfereji wa meli na taa zake na nyimbo zake, rimu zikizunguka kama mwezi, na Raghda akaolewa.

Ijumaa mtaa ulifungwa. Jumamosi Tawwab alikuja, akafungua mlango wa karakana, lakini mashine sikuisikia. Nilipompelekea chai alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hakikuwa pale," akasema.

"Nini hakikuwa pale?"

"Mama Wagdi."

Nikamtia glasi mkononi.

"Alikawia kujibu," akasema. "Mtu akionyeshwa mkono wa mumewe hakawii. Na yule binti alilia kabla hajagusa. Nimelala nikilisikia hilo, usiku wa kwanza na wa pili." Akaizungusha glasi mikononi. "Nimechukua mkono wa mtu aliyekufa nikausugua kwa msasa. Nikaunyunyizia unga. Nikautia kidole gumba nikafurahi unalia."

Nilitaka kumwambia si hivyo. Nilikuwa na uwongo mzuri tayari, umekaa ulimini. Lakini uso wake ulinikataza, na mimi nikaanza kulia juu ya sinia yangu ya chai kama mpumbavu.

"Ukimaliza," akasema, "nipeleke kwake."

Bi Insaf anakaa nyuma ya soko la samaki. Tulitembea mtaani, Tawwab ameshika kiwiko changu, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilijiandaa kwa macho ya watu. Nikashangaa. Bakhit alitazama nati zake kama hajawahi kuona nati. Mnyoosha bodi aliinama ndani ya boneti. Yule wa betri, ambaye hupiga soga na kila apitaye, aligeuka ukutani. Hakuna aliyeuliza, wala hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wanajua. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akimfichia mzee siri yake peke yake, na akidhani yeye ndiye rafiki wa pekee. Pale pale nilitamani kuwatandika wote kwa sinia, nikianza na mimi mwenyewe.

Bi Insaf alifungua mlango akiwa na nguo za kazi, fagio mkononi, nyumba bado imejaa viti vya kukodi. Gari lilikuwa limeegeshwa nje, rimu zinang'aa hadi aibu.

"Karibuni," akasema, lakini hakusogea mlangoni.

"Mama," Tawwab akasema, "siku ile ulinidanganya."

"Ndiyo."

Hakukawia hata kidogo.

"Nilikudanganya kwa ajili ya Raghda," akasema. "Sikutaka aolewe siku ambayo mzee mzima amelizwa barabarani. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Usije leo ukaniambia nikusamehe, kwa sababu sijaweza. Jana nilikaa mbele ya ile rimu nikakitafuta kiganja. Nimemulika kwa taa. Nikajiona mimi tu. Hata alama, Fundi! Hata kidole kimoja ungeniachia!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, na majirani wanafungua madirisha. Tawwab alisimama akapokea yote. Mimi nilitaka kumtetea, nikauma ulimi.

Alipochoka, Tawwab akasema, "Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kukwambia ambalo ningekwambia siku ile uliponiuliza kama nakiona. Sioni, mama. Naona mwanga na kivuli. Wewe sasa hivi ni kivuli chenye fagio."

Miaka yote namjua, neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilisema taratibu, kama mtu anayeshusha gunia.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na umeonana na daktari gani?"

"Sijaonana na yeyote. Niliona haya."

"Aliona haya," Bi Insaf akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi niliyemzaa. "Mtoto wa jicho, kitu kinachotolewa asubuhi mtu akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mamangu alitolewa. Ameona haya, na mume wangu amekwenda na maji ya msasa!"

Akaegemeza fagio ukutani. Aliingia ndani, na kwa muda nilidhani ametufungia. Kisha akatoka amevaa viatu, mkoba begani, funguo za gari mkononi, macho mekundu.

"Zahanati ya macho inafunga adhuhuri," akasema. "Haya, ingia."

"Leo?" Tawwab akauliza.

"Leo, kabla hasira haijanipanda tena. Na ukae nyuma. Mbele siwezi kukutazama."

Akakaa nyuma.